Kubeba Baiskeli Nyuma ya Gari-Nyumba Bila Kuilemea Ekseli ya Nyuma

"Baiskeli mbili hazifiki hata kilo arobaini, zitaidhuru vipi Hiace?" "Fundi akiongeza springi moja si yanaisha?" "Mbona usukani umekuwa mwepesi tangu nifunge keria?" Kila anayegeuza Hiace au Coaster kuwa gari la kulala, akapanga kuteremka nalo Kilwa, Lindi, Mtwara mpaka Msimbati huku baiskeli zikining'inia nyuma, huishia kuuliza mojawapo ya haya. Jibu ni moja. Kilo unazoziweka nyuma ya ekseli ya nyuma hufika kwenye tairi zikiwa zimeongezeka, na kile kinachoongezeka kimetolewa ekseli ya mbele. Mnajua ngalawa: wote mkijazana tezini, omo inanyanyuka.

Mwongozo huu unamfaa mwenye gari la ekseli mbili la kulala ndani, liwe limetengenezwa na fundi wa hapa au limeletwa likiwa kamili kutoka Ulaya. Anayetaka kubeba pikipiki naye asome, ingawa jibu lake kwa magari mengi litakuwa hapana, na sababu ataiona kwenye hesabu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya mita 5, chaki, kalamu na daftari. Simu ya kupigia hesabu.
- Mizani ya kuning'iniza ya digitali ya kilo 100 au zaidi. Ile ya kupimia korosho inafaa kabisa.
- Geji ya upepo ya kwako mwenyewe. Ya kwenye kituo cha kujaza upepo isiwe ndiyo unayoitegemea.
- Spana za namba zinazoingia kwenye bolti za keria, na ikiwezekana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia.
- Mikanda minne ya kukaza yenye ratcheti, na vipande vya mpira wa tyubu kuukuu.
- Nyaraka za gari, hasa nakala ya cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani kama unayo.
- Mtu wa kukusaidia. Baiskeli unaweza kuipandisha peke yako, lakini vipimo vya gari lililojaa vinahitaji dereva akae kitini.

Hatua ya 1: Tafuta kikomo cha ekseli ya nyuma

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya lina kibao cha chuma au stika mlangoni au chini ya boneti, chenye mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa jumla unaoruhusiwa, wa pili ni wa gari pamoja na trela, wa tatu ni ekseli ya mbele, wa nne ni ekseli ya nyuma. Mstari wa nne ndio wako. Gari-nyumba nyingi zilizojengwa juu ya Fiat Ducato zina kikomo cha jumla cha kilo 3,500, na ekseli ya nyuma huishia karibu na kilo 2,000. Zile zenye mkia mrefu nyuma ya ekseli mara nyingi zinakaribia kikomo hicho hata kabla hujafunga baiskeli moja.

Gari la Japani kwa kawaida halina vikomo vya ekseli kwenye kibao. Hapo tumia tairi. Soma ubavuni: baada ya saizi kuna namba kama 107/105. Namba ya kwanza ni uwezo wa tairi likiwa moja kila upande, ya pili ni uwezo wake likiwa pacha, yaani mawili kila upande. 105 ni kilo 925, 107 ni 975, 109 ni 1,030, 112 ni 1,120, na 121 ni 1,450. Hiace yenye tairi za 107 nyuma inapata 975 mara 2, yaani kilo 1,950. Gari lenye tairi pacha za 105 linapata 925 mara 4, kilo 3,700.

Hiyo ni dari ya tairi peke yake. Rimu, beringi, springi na breki vinaweza kuwa na uwezo mdogo zaidi, kwa hiyo ukipata namba mbili, shika iliyo ndogo. Na kama tairi ni za mtumba, angalia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo lililokaa juani usilipigie hesabu ya uwezo kamili hata kama meno yake bado marefu.

Onyo moja hapa, kwa sababu jambo hili linawapoteza wengi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayahusu magari yenye uzito wa jumla unaozidi tani 3.5, na inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne. Mtu wa Coaster anapita mizani ya TANROADS, anaambiwa yuko sawa, anashangilia. Tani 10 zile ni kwa ajili ya kuilinda lami. Coaster yako haijatengenezwa kubeba hata nusu ya hizo kwenye ekseli ya nyuma.

Hatua ya 2: Pima gari likiwa kama linavyosafiri

Tangi la mafuta lijae, maji yajazwe kama unavyojaza siku ya safari, gesi iwepo, nguo, vyombo, friji yenye vitu, na watu wakae kwenye viti vyao. Baiskeli na keria bado visiwepo. Gari tupu halikwambii chochote.

Mizani za malori zipo kwenye maghala makubwa ya korosho na kwenye viwanda. Omba nje ya msimu. Mnada wa Oktoba ukishaanza, foleni ya malori haitakupa nafasi, wala mpimaji hatakuwa na muda wa kukusikiliza. Akikukubalia, chukua vipimo vitatu:

1. Magurudumu ya mbele tu juu ya bamba. Andika.
2. Gari zima. Andika.
3. Magurudumu ya nyuma tu. Andika.

Kipimo cha kwanza ukijumlisha na cha tatu kinatakiwa kikaribie cha pili. Tofauti ya kilo 20 au 40 ni ya kawaida, maana mizani nyingi za aina hii husoma kwa hatua za kilo 20. Ikizidi hapo, ama eneo la kuingilia halijasawazika, ama breki ya mkono ilivutwa. Rudia gari likiwa huru, gia nyutro, breki imeachiwa. Kwa sababu hiyohiyo ya hatua za kilo 20, usijaribu kupimia baiskeli kwenye mizani ya lori.

Ukikosa mizani, kuna njia ya pili, isiyo kamili lakini ya kweli. Egesha mahali tambarare. Mtikise bodi mara kadhaa ili springi zijiweke sawa, kisha pima kwa milimita kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma hadi ukingo wa fenda juu yake, kushoto na kulia. Sasa waketishe watu wawili mnaojua uzito wao sakafuni, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Tikisa tena, pima tena. Kama kilo 150 zimeshusha milimita 18, kila milimita ni karibu kilo 8. Andika namba hiyo mahali hutaipoteza, maana ndiyo itakayokuambia baadaye keria na baiskeli zimeongeza kilo ngapi kweli kwenye ekseli.

Njia hii hupima ongezeko tu, haikupi uzito wote. Wa kuanzia unaweza kuupata kwenye cheti cha Japani: kina nafasi za uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma gari likiwa tupu. Kumbuka tu kwamba cheti hakijui lolote kuhusu kitanda, kabati na tangi alizoongeza fundi wako. Hizo utazipima moja moja au utazikadiria, na ukikadiria, kadiria juu.

Hatua ya 3: Pima baiskeli na keria

Baiskeli ya milimani ya kawaida ni kilo 13 hadi 17. Phoenix yenye keria yake ya chuma, stendi na kengele inaweza kupita 20. Baiskeli ya umeme ni 22 hadi 28, na betri peke yake ni kilo 2.5 hadi 4. Ning'iniza kila moja kwenye mizani kupitia bomba la juu la fremu. Pima keria nayo pamoja na mabano, bolti na mbao ya taa, ile inayobeba taa na kibao cha namba baiskeli zikivificha. Watu huisahau keria, na ndiyo mara nyingi nzito kuliko baiskeli iliyo juu yake, hasa ile iliyochomelewa kwa bomba nene na fundi aliyetaka asirudishiwe kazi.

Kabla ya kupima, vua vinavyovulika: betri, kikapu, pampu, kufuli ya mnyororo, kiti cha mtoto. Vitu hivyo vitasafiri ndani, mbele ya ekseli.

Hatua ya 4: Pima A na B, kisha piga hesabu

A ni umbali kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele hadi katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hiace ndefu ya kawaida ni sentimita 257, ile ndefu zaidi ni 311. Coaster ndefu ni karibu 394. Pima ya kwako hata hivyo.

B ni umbali kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma kwenda nyuma, hadi katikati ya baiskeli zikiwa zimefungwa. Zikiwa mbili, lenga nafasi iliyo kati yao.

Nyongeza kwenye ekseli ya nyuma = uzito wa keria na baiskeli × (A + B) ÷ A

Kilo zinazotoka ekseli ya mbele = uzito huohuo × B ÷ A

Tuchukue Hiace ya A 257, na keria inayoziweka baiskeli B 160. Baiskeli mbili za kilo 17 na keria ya kilo 16 ni kilo 50. Nyuma: 50 × 417 ÷ 257 = kilo 81. Mbele inapoteza kilo 31. Kama mizani ilisoma kilo 1,690 nyuma, sasa ni 1,771, na dari ya tairi ni 1,950. Umebakiwa na kilo 179. Funga, nenda.

Gari lilelile, lakini mwenyewe anataka kubeba pikipiki ya bodaboda ya kilo 115 kwenye jukwaa la kilo 30. Kilo 145 zinakuwa 235 kwenye ekseli. 1,690 na 235 ni 1,925. Kwenye karatasi zimebaki kilo 25, na mbele imepoteza 90. Usifanye. Kilo 25 zinaliwa na ndoo moja ya maji na mkungu wa ndizi ulionunua Nangurukuru.

Bakiza angalau kilo 80 chini ya kikomo. Tuta moja la barabarani linapokurusha, ekseli hubeba kwa sekunde hiyo zaidi ya ulichopima, na vijiji kati ya Kibiti na Mingoyo havina uhaba wa matuta.

Hatua ya 5: Sogeza mzigo kabla ya kununua chochote

Hesabu ikikubana, dawa ya kwanza ni bure. Kitu chochote kilicho nyuma ya ekseli kikihamia mbele yake, unapata faida mara mbili.

Maji ndiyo ya kwanza, kwa sababu lita 1 ni kilo 1 na hakuna ubishi. Tangi la lita 60 lililo sentimita 40 nyuma ya ekseli, kwenye Hiace yetu, linailemea ekseli ya nyuma kilo 69. Tangi hilohilo likiwekwa sentimita 120 mbele ya ekseli linailemea kilo 32. Umeokoa kilo 37 kwa kuhamisha tangi, karibu nusu ya nyongeza yote ya baiskeli. Kama tangi halihamishiki, safiri na lita 20 na ujaze unapofika.

Kisha betri za sola, boksi la spana, kreti za soda, chakula cha kopo, hema. Vyote viende nyuma ya kiti cha dereva au chini ya kitanda sehemu ya mbele, vifungwe visiteleze. Mtungi wa gesi uuache kwenye kabati lake lenye tundu la hewa chini, ukiwa wima. Kwa ajili ya kilo 15 usiulete karibu na dereva. Tairi la spea lililo chini ya mkia nalo ni kilo nyingi mahali pabaya, lakini kulihamisha kunakula nafasi ndani, kwa hiyo liache kuwa la mwisho.

Angalia na pande. Betri, tangi na friji vyote vikiwa kulia, tairi la kulia linaweza kuvuka uwezo wake wakati jumla ya ekseli iko sawa. Vipimo vya fenda vya Hatua ya 2 vikitofautiana zaidi ya milimita 15 kati ya kushoto na kulia, panga upya.

Hatua ya 6: Funga keria kwenye chesisi

Keria inayoning'inia kwenye mlango wa nyuma wa Hiace ni ya baiskeli mbili nyepesi, na bawaba pamoja na zile bomba za gesi za kuinulia mlango zitalalamika mapema. Keria ya ukutani kwenye gari-nyumba la faiba ina kikomo chake kilichoandikwa, mara nyingi kilo 50 au 60, na kikomo hicho ni kwa sharti kwamba ukuta una uimara wa ndani mahali bolti zinapopita. Ukiwa na kindoano cha kuvutia trela, soma kikomo chake cha uzito wa wima, si kile cha kuvuta. Bampa usiifikirie.

Kwa kazi ya kudumu, mabano mawili ya chuma yashikwe kwenye boriti mbili za chesisi:

1. Toboa kwenye uso wa wima wa boriti. Midomo ya juu na ya chini ya boriti iache bila tundu, na usichomelee juu yake. Nyufa huanzia hapo.
2. Kabla ya kutoboa, angalia upande wa pili. Mabomba ya breki na nyaya za taa hupita ndani ya boriti.
3. Tumia bolti za M12 za daraja la 8.8, zisizopungua tatu kila upande, na bamba la nyuma la milimita 6. Bolti za bei poa zisizo na alama kichwani ziache dukani.
4. Kaza kwa toki ya karibu Nm 80, nati za kujifunga. Rudia baada ya kilomita 50, kisha baada ya 200.
5. Paka rangi ya oksaidi ndani ya matundu na kwenye ncha zote za mabomba, na uzibe ncha. Hewa ya bahari ya Mtwara huila keria kutoka ndani, unakuja kugundua bomba limebaki ganda.

Isogeze keria karibu na gari kadiri mlango na mishikio ya baiskeli inavyoruhusu. Kwenye Hiace ile, kupunguza B kutoka 160 hadi 140 kunapunguza nyongeza kutoka kilo 81 hadi 77. Si nyingi kwa baiskeli, lakini pia mtikisiko unapungua, na mtikisiko ndio unaokata mabano.

Tazama ekzosi inatokea wapi. Bomba linalopuliza moja kwa moja kwenye tairi la baiskeli litalipika njiani, na utalikuta limevimba.

Hatua ya 7: Pakia

Nzito zaidi iwe ya kwanza, karibu na gari. Ya pili igeuzwe, usukani wake uelekee upande mwingine. Weka mpira wa tyubu kila chuma kinapogusana na chuma. Mkanda mmoja ushike fremu kwenye keria, mwingine ushike magurudumu yasizunguke, wa tatu upite kwenye baiskeli zote kuzivuta kuelekea gari. Mwisho wa mkanda unaoning'inia ukunje na uufunge, vinginevyo utachapa taa mpaka kioo kipasuke.

Usizifunike baiskeli kwa turubai. Linashika upepo kama tanga na kuivuta keria nyuma kila lori linapokupita.

Taa za breki, indiketa na kibao cha namba vionekane vyote. Vikifichwa, funga mbao ya taa yenye nyaya zake na ubandike kibao hapo. Kitambaa chekundu ni nyongeza tu, taa lazima ziwepo.

Sasa rudia kipimo cha fenda. Kama ulipata kilo 8 kwa milimita na nyuma imeshuka milimita 10, nyongeza ni karibu kilo 80, na hesabu yako ilikuwa sahihi. Ikishuka milimita 20, kuna kitu ulisahau kupima.

Hatua ya 8: Upepo

Tairi la 107 linabeba kilo 975 likiwa na upepo kamili ulioandikwa ubavuni, mara nyingi karibu PSI 65. Ukiweka PSI 40 "ili gari lisiruke ruke", uwezo umeshuka sana, ubavu unakunjika kila mzunguko, joto linapanda, na tairi linapasuka saa nane mchana njia ya Somanga ukiwa huna kivuli. Jaza asubuhi kabla ya kutembea. Ukipima tairi la moto utaona limepanda PSI kadhaa. Usilitoe upepo, ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Kwenye mchanga wa Msimbati utalazimika kupunguza upepo. Hapo shusha baiskeli kwanza, watu waziendeshe au wazisukume. Tairi lenye upepo mdogo halina haki ya kubeba keria iliyojaa, na gari la kuvuta kwa mbele kama Ducato linahitaji kila kilo ambayo keria imeiondoa mbele. Nenda taratibu, ukitoka mchangani jaza tena kabla ya kupanda lami. Pampu ya umeme ya kwenye gari si anasa upande huu.

Hatua ya 9: Pima mkia, kisha jaribu

Pima urefu kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya keria, na umbali wa sehemu hiyo kutoka mahali tairi la nyuma linapokanyaga ardhi. Sentimita 40 juu kwa sentimita 200 nyuma ni pembe ya nyuzi 11. Hiyo itaburuza kwenye mlango wa pantoni ya Lindi kwenda Kitunda, na kwenye mchepuko wowote wenye kingo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara kuu eneo la Somanga, michepuko ndiyo iliyokuwa njia. Tafuta nyuzi 15 au zaidi. Keria inayokunjwa juu inasaidia sana.

Endesha kilomita 10 za lami na matuta machache. Simama, shika kila mkanda, kaza, angalia kama tairi limegusa fenda. Usiku zielekeze taa za mbele ukutani: nyuma ikilala, taa zinapanda, na unaowapofusha watakuwashia zao. Zirekebishe chini.

Mambo yakiharibika

*Usukani ni mwepesi, gari linayumba lori likipita.* Mbele imepoteza kilo. Rudi Hatua ya 5, na upime B tena. Kuongeza mzigo juu ya boneti au kwenye keria ya juu hakutibu kitu.

*Nyuma imelala ingawa hesabu iko sawa.* Springi zimechoka au jani la springi limekatika. Lala chini uangalie majani moja moja, hasa karibu na boliti ya katikati. Badilisha lililokatika.

*Fundi anasema aongeze jani au aweke mapulizo ya hewa, yaani mifuko ya hewa ya kusaidia springi.* Gari litasimama vizuri, lakini kikomo hakijasogea hata kilo moja: tairi, beringi na breki ni zilezile. Zaidi ya hapo, Hiace nyingi zina vavu ya breki ya nyuma inayosoma mzigo kupitia fimbo iliyounganishwa na ekseli. Ukiinua bodi kwa jani jipya, vavu hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma wakati mzigo upo. Ukiongeza springi, fimbo hiyo irekebishwe siku hiyohiyo.

*Tairi moja la nyuma ni la moto kuliko la pili.* Gusa vitovu vya pande zote mbili baada ya safari. Kitovu kikiwa cha moto pamoja na tairi, ni breki inayobana au beringi. Tairi peke yake likiwa la moto, upepo ni mdogo au mzigo umelala upande huo.

*Keria inacheza juu na chini kila tuta.* Bolti zimelegea au mabano ni marefu mno. Kaza, kisha ongeza mshikio wa mshazari kutoka ncha ya keria hadi juu kwenye boriti. Ukiona mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi karibu na mchomeleo, huo ni ufa. Shusha baiskeli hapohapo.

*Kupanda kwenda Newala gari linavuta vibaya na mbele kama linaelea.* Mlimani uzito huhamia nyuma zaidi. Shika gia ndogo, maji yapunguze kabla ya kupanda, na ukiteremka tumia injini kushika mwendo, maana breki za nyuma zinabeba ekseli nzito kuliko zilivyozoea.

*Mizani imekuonyesha umezidi na safari ni kesho.* Mwaga maji, shusha spea ya pili, toa jukwaa au baiskeli moja. Baiskeli hupandishwa basi la Mtwara kama mzigo na inakusubiri stendi.